Hindi, Mahindi, Muhindi

Hapa Jericho ukisimama kwa mama wa mahindi choma utasikia, "Nipe mahindi moja," mwingine, "Mimi mahindi mbili." Wanapewa, wanakula, hakuna anayelalamika. Lakini liandike hilo katika insha uone kalamu nyekundu!

Mzizi ni mmoja, -hindi; ngeli ndizo zinazobadilisha maana. Mhindi ameketi: huyo ni mtu. Muhindi umeota, mihindi imeota: hapo ni mmea, na ile "u" ya muhindi isiachwe, sawa na ya muhogo. Hindi limeiva, mahindi mawili yameiva: sasa ni tunda lenyewe.

Utamu uko kwenye mahindi. Ukitumwa dukani ulete kilo mbili za mahindi, hutarudi na mahindi mawili mkononi! Zinatakiwa punje. Na punje moja haiitwi hindi. Ni punje ya mahindi. Kwa maana hiyo neno limekaa kama maji na maziwa, halina umoja. Nadhani ndiyo sababu mtaani hindi limesahaulika, kwa kuwa mahindi tunayoyajua zaidi ni yale ya githeri na ya unga. Kosa ni kosa, lakini mahindi moja si kosa la kijinga.

Je, asili yake? Chanzo ni Sindhu, jina la Kisanskriti la mto ambao leo sehemu yake kubwa iko Pakistan. Waajemi waligeuza "s" kuwa "h", Waarabu wakasema Hind, nasi tukalipokea pwani.

Ajabu ni kwamba zao lenyewe si la Bara Hindi hata kidogo. Lilianza kulimwa Meksiko yapata miaka 9,000 iliyopita, na inasadikiwa Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, ndio waliolileta baadaye. Kwa watu wa pwani, kitu kigeni kilichokuja kwa jahazi kilitoka ng'ambo, na ng'ambo waliyoizoea ilikuwa Bara Hindi. Wasitucheke wengine: Waitalia huliita granturco, yaani nafaka ya Uturuki, na Waturuki wenyewe huliita kwa jina la Misri! Marekani, bara la mahindi, haikutajwa. Yenyewe ilipewa jina la kitambaa tu, merikani.