GLUTENI: KINACHOVUTA CHAPATI

Mmewahi kujiuliza ni kwa nini chapati huvutika ilhali ugali haukubali? Kinachovuta ni gluteni.

Ukitaka kuiona, usingoje maabara. Kanda unga wa ngano na maji, uache donge nusu saa, kisha ulioshe polepole ndani ya maji. Maji yatakuwa meupe kama maziwa. Hiyo ni wanga inayotoka. Mkononi kitabaki kitu cha kijivu kinachovutika kama mpira. Kwa unga wa mahindi hubaki na chochote (nilijaribu, mama akauliza nani atalipa huo unga). Gluteni hasa ni protini za aina mbili: gliadini, inayolifanya donge linyooke, na glutenini, inayolirudisha.

Wengi wetu hula ngano bila taabu. Lakini takriban mtu mmoja kati ya 100 duniani ana ugonjwa wa siliaki, ambao hufuata ukoo wala hauambukizi. Gliadini ni ngumu kusagwa yote tumboni. Kwa mgonjwa huyu, vipande vinavyobaki huichokoza kinga ya mwili, nayo huushambulia utumbo mwembamba wenyewe. Vile vijidole vinavyofyonza chakula, tulivyovichora katika Biolojia, hubapa. Mtoto anakula, anashiba, lakini anaharisha, hakui, na damu inapungua. Kwetu mtaani kuna mmoja aliyepewa dawa ya minyoo mara nne kabla mtu kufikiria mkate!

Aliyeifichua siri hii ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akiishuku ngano. Katika njaa ya mwaka 1944 hadi 1945, wakati wa vita, mkate ulikuwa haba sana na watoto wake wagonjwa wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi.

Basi usiache ngano kwa kusikia tu. Kipimo cha damu hufanywa mtu angali anaila. Ukiiacha mapema, huenda kisionyeshe kitu. Akipatikana nao, dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Ugali, wali, mihogo na uji wa wimbi havina gluteni. Ila aangalie mashine ya posho: ikiwa imetoka kusaga ngano, ule unga wa mahindi unaofuata si salama kwake.