Kufundisha Utafutaji wa Sababu kwa Kompyuta Isiyoiona Diski Yake

Mwalimu mpya anayepangiwa skuli ya msingi Unguja, ikiwa skuli hiyo ina chumba cha kompyuta, aghalabu hukabidhiwa ufunguo wa chumba hicho kabla hajakabidhiwa ratiba. Yeye ni kijana, ametoka chuoni, basi hudhaniwa anajua. Na kompyuta atakazozikuta humo, nyingi hazikutoka kiwandani zikiwa kamili. Ziliunganishwa kwa vipande: mazabodi kutoka duka moja la Darajani, diski iliyotolewa katika mashine nyingine, boksi lililokwisha kutumika. Mashine za namna hii ni za bei nafuu, na zikitunzwa hudumu miaka mingi, lakini hazina kitabu cha maelezo, na aliyeziunganisha yumkini ameshahama. Zikigoma, hakuna wa kuulizwa isipokuwa mashine yenyewe.

Makala haya yanahusu namna ya kuiuliza. Tutachukua hitilafu moja tu, ile ya mfumo endeshi kushindwa kuzungumza na kidhibiti cha diski, na tutaeleza jinsi ilivyofundishwa kwa wanafunzi wa darasa la sita. Hatukuichagua kwa kuwa hutokea kuliko nyingine zote. Tumeichagua kwa sababu ndiyo inayowafanya watu wafute diski nzima ilhali diski haina kosa.

Tulifika katika skuli moja ya kusini ya kisiwa kukagua mazoezi ya kufundisha, tukamkuta mwanachuo wetu katika mtihani ambao haukuwamo katika andalio lake la somo. Kompyuta ya ofisi, yenye Windows XP, ilikuwa imegoma tangu skuli ifunguliwe baada ya likizo. Ndani yake zilikuwamo alama za wanafunzi za miaka minne na orodha ya uandikishaji yenye tarehe za kuzaliwa. Daftari lililokuwa na sehemu ya habari hizo lilikwisha kuliwa na mchwa. Mashine ilipowashwa ilionesha nembo ya Windows kwa muda mfupi, ikapiga skrini ya buluu kufumba na kufumbua, ikajiwasha upya, na kuendelea hivyo bila ya kikomo. Fundi mmoja alikwisha kuitazama na kusema diski imekufa, au kama haikufa basi dawa ni kupiga windo upya. Kupiga windo upya, kwa fundi mwenye haraka, maana yake ni kufuta vyote vilivyomo. Mwalimu mkuu alikuwa ameshakubali, kwa shingo upande. Mwanachuo akaomba apewe siku mbili.

Ili tufahamu kwa nini ombi lile lilikuwa la busara, hapana budi tujue kompyuta inavyoamka. Diski haisomwi moja kwa moja. Baina yake na mfumo kuna kidhibiti, chombo kilichomo katika mazabodi, ambacho hupeleka maombi kwenye diski na kurudisha majibu. Kidhibiti kina lugha yake, na mfumo endeshi hauwezi kukisemesha pasipo mkalimani. Mkalimani huyo ndiye draiva: programu ndogo inayojua lugha ya kidhibiti cha aina fulani. Je, draiva nayo imehifadhiwa wapi? Imo katika diski ile ile. Wenyeji wa Mji Mkongwe wanayajua makasha ya njumu. Basi hapa ufunguo umefungiwa ndani ya kasha.

Tatizo hili hutatuliwa kwa zamu. Zamu ya kwanza ni ya bayosi, programu iliyohifadhiwa katika mazabodi yenyewe, nayo haihitaji diski ili iamke. Bayosi ina ujuzi wake wa kusoma diski, mdogo lakini wa kutosha kuchukua sehemu za mwanzo za mfumo endeshi, pamoja na draiva chache za lazima, na kuziweka katika kumbukumbu. Kisha mfumo endeshi hushika usukani, huiacha bayosi, na kuanzia hapo hutegemea draiva zake mwenyewe. Ikiwa hana draiva inayolingana na kidhibiti, mgeni huyu hujikuta amefungiwa nje ya nyumba ambayo alikuwa ndani yake muda mfupi uliopita. Windows husimama na kutoa namba 0x0000007B, yaani diski ya kuanzia haifikiki.

Natija yake ni kubwa kwa mchunguzi. Ile nembo ya Windows inatoka katika diski. Ikiwa nembo imeonekana, diski imesomwa, na diski iliyosomwa sasa hivi yaweza kuwa na kasoro lakini haijafa. Fundi aliiona nembo ile kama tulivyoiona sisi.

Mwanachuo aliigeuza hoja hii kuwa mchezo, na hapa ndipo tunapotaka wenzetu wapatazame kwa makini. Mtoto mmoja alikuwa Diski, amesimama nyuma ya mlango na kadi kumi mkononi. Wa pili alikuwa Kidhibiti, amekaa mlangoni, haelewi maneno ila makofi: kofi moja, lete kadi ya kwanza, makofi mawili, lete ya pili. Wa tatu, Bayosi, alifundishwa makofi na pia kugonga dawati, lakini aliruhusiwa kuomba kadi tatu za mwanzo tu. Wa nne, Draiva, alijua makofi peke yake. Wa tano alikuwa Mfumo, na yeye alisema kwa Kiswahili. Mchezo ukachezwa mara moja bila ya hitilafu, mpaka kadi zote zikasomwa. Kisha mwalimu akamnong'oneza Kidhibiti: kuanzia sasa usisikie makofi, sikia kugonga tu. Bayosi akagonga, akaletewa kadi zake tatu. Draiva akapiga kofi, kimya. Akapiga tena, kimya. Mfumo akapaza sauti kwamba diski imepotea, na darasa zima likacheka, kwa kuwa Diski alikuwa amesimama pale pale na kadi zake.

Mwalimu akamwambia Diski azihesabu kadi mbele ya wote. Zilikuwa kumi. Akauliza: sasa tufanyeje? Mvulana mmoja akasema Draiva afundishwe kugonga. Msichana aliyekuwa nyuma akasema hakuna haja, Kidhibiti aambiwe arudi kwenye makofi. Wote wawili walikuwa wamesema kweli, maana hizo ndizo tiba mbili zinazotumika: kuupa mfumo draiva inayofaa, au kukirudisha kidhibiti katika hali ambayo mfumo unaijua. Hakuna mtoto aliyependekeza kadi zichanwe zote na kuandikwa upya.

Lakini ni nani aliyemnong'oneza Kidhibiti wa kweli, ofisini? Kwa swali hili ubao uligawanywa safu mbili, «Tumeona» na «Tunadhani», na watoto wakaletwa ofisini kwa makundi madogo. Mwalimu alibonyeza F8 mashine ilipoanza kuamka na kuchagua isijiwashe upya ikikwama. Skrini ya buluu ikatulia, na namba ikanakiliwa. Halafu akafungua ukurasa wa bayosi. Jina la diski lilikuwapo, nalo likaingia safu ya kwanza: waya zinapitisha. Kisha mtoto mmoja akauliza kwa nini tarehe ni ya miaka mingi nyuma. Tukiri kwamba sisi tuliokuwa tumesimama nyuma tulikuwa hatujaitazama tarehe.

Saa ya kompyuta, na katika mazabodi nyingi za zamani mipangilio ya bayosi pia, huishi kwa betri ndogo mfano wa sarafu, ya volti 3, iandikwayo CR2032. Mashine ikiwa imechomekwa kwenye umeme, betri hiyo hupumzika; ikichomolewa, ndiyo inayobeba mzigo peke yake. Wakaazi wa Unguja wanakumbuka kisiwa kilivyokaa takriban mwezi mzima bila ya umeme wa gridi mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa hitilafu za njia ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka Bara. Muda kama huo, au likizo ndefu yenye swichi ya ukutani iliyozimwa, humalizia betri iliyokwisha kuzeeka. Ikifa, bayosi husahau iliyoambiwa na kurudi katika mipangilio ya kiwandani.

Na katika mazabodi ile, mpangilio wa kiwandani wa kidhibiti ulikuwa AHCI. Kanuni za AHCI zilitolewa mwaka 2004, na Windows XP ilitoka mwaka 2001. Kwa hiyo santuri ya XP haina draiva yake. Aliyetaka kuiweka XP katika mashine ya namna hiyo alikuwa na njia mbili: abonyeze F6 mwanzoni mwa kazi na kuipa mashine flopi yenye draiva, au aingie katika bayosi na kukigeuza kidhibiti kijifanye cha zamani, yaani IDE. Aliyeiunganisha mashine hii alichagua ya pili, bila ya kuandika popote. Betri ilipokufa, kidhibiti kikarudi AHCI, na mkalimani wa XP hakuijua lugha hiyo.

Hapo mwanachuo, kwa furaha, alitaka kubadili betri, waya na mpangilio kwa pamoja. Tulimzuia. Mambo matatu yakibadilishwa kwa mara moja, mashine itawaka na darasa halitajua kwa nini. Akageuza mpangilio peke yake, kutoka AHCI kwenda IDE, akahifadhi, akawasha. Windows ikafunguka. Kabla ya jambo jingine lolote alama na orodha zilinakiliwa katika flashi mbili, na moja ikapelekwa kwa mwalimu mkuu mkononi. Baada ya hapo ndipo alipofanya jambo tulilolipenda kuliko yote: aliizima mashine, akauchomoa waya wa umeme, akangoja, akaiwasha tena mbele ya watoto. Hitilafu ikarudi, na tarehe ikarudi nyuma nayo. Ndipo betri ikabadilishwa, saa na mpangilio vikawekwa, waya ukachomolewa kwa mara ya pili, na safari hii mashine ikaamka salama. Sentensi iliyokuwa katika safu ya «Tunadhani» ikafutwa na kuandikwa upande wa pili.

Betri ile kuukuu hapana budi ichukuliwe na mwalimu mwenyewe papo hapo. Mtoto akiimeza, yaweza kuunguza koo lake vibaya kwa muda wa saa mbili tu. Isiachwe mezani hata kidogo. Boksi lifunguliwe na mwalimu, waya wa umeme ukiwa umechomolewa, na boksi dogo la umeme lililomo ndani lisifunguliwe na yeyote.

Si kila diski isiyoonekana ina kisa hiki. Bayosi isipoitaja diski kabisa, lawama haiendi kwa draiva. Tazama kwanza waya. Waya wa SATA una vidole saba tu vya kupitishia habari, na hewa ya chumvi ya pwani yetu huvifanyia kutu, hivyo kuuchomoa na kuurudisha mara mbili tatu huponya mashine nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Katika diski za zamani zaidi zenye waya mpana, angalia kijiti kinachoainisha diski ya kwanza na ya pili. Diski mbili zikiwekwa daraja moja katika waya mmoja huzuiana. Mashine ya XP inayowaka lakini inakokota huenda imeshusha mwendo wa diski kwa hiari yake baada ya kukutana na makosa sita ya mawasiliano: badilisha waya, kisha uiondoe chaneli hiyo katika orodha ya vifaa ili mfumo uisome upya. Windows 7 nayo haina kinga ya kisa chetu, kwani ingawa ina draiva ya AHCI, huilaza ikiwa haikuhitajiwa siku mfumo ulipowekwa. Na pale ambapo mfumo haufunguki kwa njia yoyote, flashi yenye Linux, ambayo huja na draiva zake, mara nyingi huweza kuisoma diski na kuokoa mafaili kabla ya mtu kufikiria kufuta.

Mashine ile haikurudishwa katika kazi ya kila siku. Windows XP iliacha kupatiwa marekebisho ya usalama tangu tarehe 8 Aprili 2014, na kompyuta ya namna hiyo haifai kuunganishwa na intaneti. Alama zilihamishiwa kwingine, nayo ikapelekwa chumba cha kompyuta iwe zana ya kufundishia. Watoto waliandika kipande cha karatasi na kukibandika ndani ya kifuniko chake: kidhibiti kiwe IDE, betri imebadilishwa lini, na nani aliyebadilisha. Neno «IDE» walilipigia mstari mara mbili.