Jua Haki Zako: Unaponunua Duka, Bei ya Haki Ni Ipi?

"Duka linauzwa na kila kilichomo, mwenyewe anahama mkoa." Matangazo ya namna hii hayakosekani mitaani, na ukipiga simu utaambiwa kuna wateja wengine wanaligombea. Kabla hujatoa hata kishika uchumba, elewa jambo moja: hapa Tanzania hakuna sheria inayopanga bei ya biashara. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, mkataba uliouingia kwa hiari hauvunjiki kwa sababu tu ulilipa kupita kiasi. Sheria inakukinga na uongo wa muuzaji, ila hesabu ni juu yako.

Unauziwa nini hasa?

Duka la mtu binafsi ni bidhaa, rafu, friji, mizani, jina na wateja. Ukinunua hisa za kampuni, kampuni ni ileile na madeni yake iko nayo, yawe ya kodi au ya benki. Kwa duka la mtu binafsi, namba ya mlipakodi, yaani TIN, na leseni ya biashara ni vya muuzaji. Wewe utaomba vyako. Laini za uwakala wa pesa nazo zimesajiliwa kwa jina lake. Fremu ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo usilipe kilemba kabla hajakubali kwa maandishi kukupangisha, na kwa kodi ipi.

Piga hesabu

Chukua mfano wa duka la vyakula linalouzwa shilingi 18,000,000. Mauzo ya mwezi ni 7,200,000, na bidhaa hizo zilinunuliwa kwa 5,400,000. Zinabaki 1,800,000. Toa pango 300,000. Umeme, ulinzi na taka 150,000. Kodi ya serikali na leseni 250,000. Mshahara wa msaidizi 300,000. Muuzaji atakwambia faida ni 800,000. Lakini yeye mwenyewe anashinda dukani tangu alfajiri hadi usiku, na jasho hilo hajalilipa. Ukimwekea mshahara wa 400,000, faida halisi ni 400,000 kwa mwezi, sawa na 4,800,000 kwa mwaka.

Sasa hesabu mali. Bidhaa zihesabiwe mbele yenu wote wawili, kwa bei ya kununulia, zilizokwisha muda zikiwekwa pembeni: tuseme 5,000,000. Vifaa, kwa bei ya mtumba ya leo, 1,500,000. Jumla 6,500,000. Kumbe 11,500,000 zilizobaki katika bei yake ni za jina na wateja tu, na kwa faida ile zitakuchukua zaidi ya miaka miwili kuzirudisha.

Ukikubali kulipia jina na wateja kwa faida ya mwaka mmoja, unafika 11,300,000. Kisha punguza madeni utakayorithi. Pango la miezi miwili lisilolipwa ni 600,000. Msaidizi aliyefanya kazi miaka mitano ana kiinua mgongo: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliotimiza, hadi miaka 10, ajira ikisitishwa na mwajiri bila kosa lake la utovu wa nidhamu. Hiyo ni kama 400,000. Kama unabaki naye, andikeni nani atabeba miaka yake ya nyuma. Bei yako ya kujadiliana inakuwa 10,300,000.

Dai kuona kabla ya kulipa

Omba ripoti za mashine ya EFD za miezi 12, risiti za manunuzi, mkataba wa pango, daftari la madeni na uthibitisho wa TRA kuhusu kodi. Nenda BRELA ukahakikishe jina la biashara limesajiliwa kwa nani. Uliza kama friji au bidhaa zimewekwa rehani.

Muuzaji akikudanganya kuhusu mauzo au akaficha deni kwa hila, una haki ya kuuvunja mkataba. Hata hivyo, kifungu cha 19 cha Sheria ya Mikataba kina tahadhari: kama ulitiwa imani na kauli potofu, au na ukimya wa hila, na ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida, haki hiyo unaweza kuikosa. Asiyeuliza huingia mahakamani akiwa dhaifu.

Andikeni

Mkataba utaje orodha ya mali, mauzo aliyokutangazia, madeni na nani anayalipa. Uweke pia ahadi kwamba muuzaji hatafungua duka kama hilo jirani kwa muda fulani. Eneo na muda viwe vya kiasi, maana ahadi iliyopitiliza mahakama inaweza kuikataa. Lipeni ushuru wa stempu, kwa kuwa hati inayotakiwa kuwa nayo ikiikosa, haipokelewi kuwa ushahidi.

Usilipe zote siku moja. Zuia sehemu ya fedha hadi mwenye nyumba asaini pango lako na bidhaa zihesabiwe. Kama huna uwezo wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria; watafute katika wilaya yako wakusomee mkataba kabla hujasaini. Muuzaji akikataa kuonyesha hesabu zake, una haki ya kuondoka na fedha zako, na hapo ndipo uitumie.