SOMO: MJANE ASIYESIKILIZWA

Tusome Matendo 6:1-6. Huko Yerusalemu, wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwakemea walionung'unika. Waliagiza wachaguliwe watu saba, na wote saba wana majina ya Kiyunani.

Hapa Nyarugusu kambi ilipokea Wakongo kuanzia 1996 na Warundi mwaka 2015. Mshauri, usianze kwa kuuliza kabila. Mjane aeleze uchungu wake kwa Kibembe au Kirundi. Mkalimani asiwe mtoto wake, maana mama hawezi kusema yote mbele ya mwanawe. Akitaka mshauri mwanamke, apewe.

Swali la kujadili: Katika kanisa letu, ni nani hajasikilizwa?