Kasi na Ukawiaji katika Mkahawa wa Intaneti
Mwenye kufungua mkahawa wa intaneti huuliza kwanza megabiti ngapi kwa sekunde. Ni haki yake: megabiti 10 zikigawanywa sawasawa kwa kompyuta 10, kila moja hupata 1 tu. Lakini ukawiaji ni jambo jingine. Setilaiti inayoonekana kutulia juu ya ikweta iko kilometa 35,786 angani. Ombi hupanda na kushuka, jibu kadhalika: jumla kilometa 143,000 hivi. Mawimbi ya redio, yaendayo kilometa 300,000 kwa sekunde, huhitaji karibu nusu sekunde, na malipo makubwa hayaupunguzi muda huo. Katika mkongo wa baharini, kama ule uliofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, nuru huenda polepole zaidi, kilometa 200,000 kwa sekunde. Ila safari ya kilometa 10,000, kwenda na kurudi, huisha kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Anayezungumza na nduguye ng'ambo huitambua tofauti hiyo. Anayesoma barua haioni.