Rubani Asiye na Ndege

Mwanachama mwenzangu, ukisikia neno rubani wewe huwaza ndege tu, sivyo? Hebu twende Japani.

Kuna meli ya anasa iitwayo Asuka II. Iliundwa Nagasaki, ikakamilika mwaka wa 1990, na jina hilo ilipewa mwaka wa 2006. Urefu wake ni meta 241. Abiria huzunguka pwani ya Japani wakiogelea na kula vinono.

Lakini kati ya visiwa vya Honshu na Kyushu kuna mlangobahari wa Kanmon. Pale pembamba kabisa upana wake ni kama meta 650, na mkondo hugeuka mara nne kwa siku. Meli kama hiyo ikikaa kingamo, basi, imeziba zaidi ya thuluthi ya njia!

Kwa hivyo meli kubwa hupandiwa na mtu anayeyajua maji ya pale, amwelekeze nahodha, ingawa amri inabaki kwa nahodha. Huyo ndiye rubani. Mabaharia wa pwani yetu walikuwa na neno hili kabla ndege hazijabuniwa.

Kazi ikiisha, yeye hushuka kwa ngazi ya kamba hadi mashuani. Abiria wengi hata hawamwoni.