Valvu Ikiwaka Nyekundu, Kapime Kapasita Kwanza

Kuna fundi mmoja Kariakoo aliyetaka kuitoa utumbo amplifaya yangu ya Leak Stereo 20 na kupachika ndani yake bodi ya IC kutoka China. Aliifungua, akapimapima, akasema transfoma ya sauti ya upande wa kulia imeungua, ndiyo maana valvu moja inawaka nyekundu, na transfoma kama hiyo haipatikani tena duniani. Nilipositasita akasema yuko tayari kuinunua ilivyo, kwa bei ya chuma chakavu. Nikaibeba nikaondoka. Leo inapiga santuri za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz sebuleni kwangu, na transfoma zake ni zilezile ilizotoka nazo kiwandani. Nina hakika wapo wengi waliokwisha kuuza vyombo vya aina hii kwa bei ya kutupa baada ya kuambiwa maneno kama yale.

Kampuni ya Harold Leak ilianzishwa London mwaka 1934, na mwaka 1945 ikatoa amplifaya iliyojulikana kwa kupotosha sauti kwa asilimia 0.1 tu, jambo kubwa mno kwa wakati ule. Stereo 20 ilifuata mwishoni mwa miaka ya 1950: valvu nne za EL84 za kutoa nguvu, tatu za ECC83, na GZ34 moja ya kugeuza umeme kuwa DC. Nguvu yake ni kama wati 10 kila upande. Mimi naipenda zaidi kwa jinsi ilivyoundwa. Ndani vipuri vimepangwa kwenye ubao na kuunganishwa kwa mkono, kila kimoja unakiona na unakifikia. Aliyeiunda alijua kwamba siku moja mtu ataifungua kuitengeneza.

Ya msingi nayapita haraka. Chomoa plagi, maliza chaji ya kapasita kubwa kwa rezista, hakikisha ethi imefungwa barabara kwenye chasisi, na ukumbuke kwamba humo ndani mna zaidi ya volti 300 zinazoua. Mara ya kwanza usiichomeke moja kwa moja ukutani, bali ipitishie kwenye balbu ya zamani ya wati 60 au 100 iliyofungwa kwa mfululizo. Kukiwa na shoti, balbu inawaka sana na chombo kinapona. Balbu za LED hazifai kwa kazi hii, na zile za waya zimeadimika madukani. Mimi nilizipata kwenye duka la vifaa vya kuku, kwa sababu wafugaji bado wanazitumia kuwapasha joto vifaranga.

Sasa tuje kwenye ile valvu nyekundu. Niliihamishia nafasi nyingine, na nzima nikaiweka mahali pake. Wekundu ukabaki palepale kwenye soketi ileile. Basi valvu haina kosa. Nikapima waya za transfoma, kutoka kati hadi kila ncha, na pande zote mbili zikasoma karibu sawa. Basi transfoma nayo ni nzima. Iliyobaki ni kapasita ndogo iliyo kati ya ECC83 na EL84.

Kazi ya kapasita hiyo ni kupitisha muziki na kuzuia DC. Fundi wa Kariakoo alikuwa ameipima mbele yangu, mita ikaonyesha thamani sahihi, akasema nzima. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mita hupima kwa volti chache, kapasita ikiwa baridi, ilhali ikiwa kazini inabeba volti 200 na zaidi kando ya valvu zenye moto mkali. Chukua kapasita inayovuja kidogo, yenye ukinzani wa mega-ohm 50. Kwa mita ya kawaida inaonekana safi kabisa. Lakini ikiwa na volti 250 upande mmoja na rezista ya kilo-ohm 470 upande wa pili, inapitisha zaidi ya volti mbili hadi kwenye gridi ya EL84. Valvu hiyo inajizuia kwa volti kama 10 tu, kwa hiyo mbili zikipungua mkondo unapanda, joto linapanda, kapasita inazidi kuvuja.

Kwa hiyo ipime ikiwa kazini. Zima, chomoa EL84 unayoishuku peke yake, nyingine ziache, maana ukizichomoa zote volti za ndani zitapanda na kuzielemea kapasita kubwa. Funga waya hasi wa mita kwenye chasisi na waya chanya kwenye pini namba 2, yaani ya gridi, ya soketi tupu, kwa klipu, mikono ikiwa mbali. Kisha washa, subiri. Inatakiwa usome sifuri. Yangu ilianza chini ya volti moja, ikapanda polepole, na nilipoipulizia kikausha nywele kwa mbali ikakaribia sita. Sitaisahau furaha ya kuona tarakimu zile zikipanda, kwa kuwa zilimaliza ubishi wote. Na kama soketi tupu inasoma sifuri, lakini volti zinatokea unaporudisha valvu, hapo ndipo useme valvu yenyewe imeharibika.

Nilibadilisha kapasita zote za kundi hilo, pande zote mbili, kwa za WIMA za polipropilini za volti 630 zenye thamani ileile. Zile kubwa za kuchuja umeme nazo nilikwenda kuzinunua, lakini duka la kwanza liliniharibia siku. Kopo la kapasita waliyoniuzia lilikuwa kubwa na lenye maandishi mazuri, ila jepesi mno mkononi. Nikalipasua, ndani nikakuta kapasita ndogo ya bei rahisi iliyofichwa. Huo ni wizi, na kwenye volti 300 ni hatari kwa nyumba nzima. Tangu hapo nanunua Nichicon kwa wauzaji wanaotoa risiti, hata kama mzigo unachelewa kufika. Kwa valvu mpya, JJ za Slovakia zinanitosha. EL84 za zamani zenye chapa ya Mullard ni tamu, lakini chapa inapigwa upya kirahisi, hivyo usilipe bei ya Mullard kwa kuamini maandishi.

Fundi akikuambia transfoma imekufa, muulize amesoma volti ngapi kwenye pini namba 2 valvu ikiwa nje. Asipokuwa na jibu, chukua amplifaya yako uondoke.